Siku moja kwenye usukani wa feri, Likoni

Saa 10:30 alfajiri. Kabla ya chai naangalia jedwali la maji. Leo ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na hapa Mombasa bamvua hujaa alfajiri kama hii, hupwa kwenye saa nne asubuhi. Maana yake, watu wakianza kumiminika kwenda kazini, maji nayo yatakuwa yanakimbia kutoka Kilindini, ndani bandarini, kwenda bahari kuu. Nusu ya siku yangu nimeshaijua.

Saa 12:00. Napokea zamu. Mwenzangu wa usiku hana mengi: mashine salama, ila kuna mvuvi kafunga mtumbwi karibu mno na njia yetu.

Saa 12:20. Kijana anayejifunza kwangu anauliza, "Ami, unajuaje ulenge wapi?" Namwonyesha ule ule mtumbwi. Umejinyoosha kwenye kamba, tezi, yaani nyuma yake, imeelekea baharini, na majani ya mikoko yanaupita upesi. Basi silengi gati. Nalenga juu yake, upande wa Kilindini, maji yenyewe yanilete. Kiasi gani juu? Hapo ndipo maneno yananiishia. Namwambia atazame mkono wangu, na asitazame ule wa kulia tu, maana wa kushoto ndio unaofanya kazi.

Saa 1:40. Feri imejaa, prau, lile daraja la kupandia, iko tayari kunyanyuliwa. Redio inasema meli inaingia. Naiona omo yake, mbele kabisa, ikichomoza kwenye mibuyu ya Mama Ngina, upande wa baharini. Kwa umbali ule nimeshavuka mara nyingi, na kijana anajua. "Twende, ami?"

"Tulia."

Sikupiga hesabu. Niliona povu jeupe bado limesimama omoni, na meli ikifika pale kwa kawaida huwa imeshapunguza mwendo. Halafu likanijia swali ninalojiuliza kila siku: mashine ikizimika katikati, maji yatanipeleka wapi? Leo yananipeleka kwenye hiyo hiyo meli. Basi. Sikuweka kuondoka na kubaki kwenye mizani. Kuondoka hakukuwapo tena.

Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki alinipigia kelele kutoka chini kwamba nachelewesha watu makusudi. Meli ikapita na tagi yake, ile boti ya kuikokota, mawimbi yakagonga gati, tukavuka. Tatizo la kusubiri ni kwamba hakukupi jibu. Ningeondoka huenda nisingepatwa na lolote, na hilo sitalijua kamwe.

Saa 4:00. Maji yamekupwa kabisa. Magari ya chini yanakwaruza bampa kwenye prau, madereva wanatulaumu sisi. Tunazoea.

Saa 5:10. Chai na mahamri. Kijana bado ana ile meli kichwani. Namweleza tuliyofundishwa kozini: mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, miaka ya 1980 aliwahoji makamanda wa zimamoto akitarajia kusikia jinsi wanavyolinganisha njia mbili. Akakuta mara nyingi hawalinganishi. Mtu anaitambua hali, njia ya kwanza inamjia, anaipitisha akilini aone itakwama wapi, kisha anatenda.

"Basi nikizoea niamini jicho langu tu?"

Hapana. Mwaka 2009 Klein aliandika pamoja na mwanasaikolojia mwenzake, Daniel Kahneman, ambaye hisia za wataalamu alizitilia shaka sana, na wakakubaliana: jicho huaminika pale ambapo hali ina utaratibu wake, na mtu amepata kujifunza kwa kuona matokeo ya alichofanya. Mkondo wa Likoni unakujibu papo hapo; ukikosea utagonga pembeni mwa gati watu wakuone. Uzito wa watu haukujibu. Unaweza kuzidisha abiria mwaka mzima, feri ikaelea, nawe ukajiona hodari. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyojaza kupita kiasi, ilipinduka wakafa watu 272. Kwa hiyo kwenye maji natumia jicho, kwenye kujaza natumia idadi iliyoandikwa, na jicho langu likisema "bado kuna nafasi" nalipuuza. Wapo mabaharia wazuri kuliko mimi wanaochanganya mambo haya mawili.

Saa 7:30 mchana. Maji yanajaa kwa nguvu, mtumbwi umegeuka, tezi inatazama Kilindini. Na kutoka huko huko meli inajiandaa kutoka. Sijafungua mdomo, kijana anasema, "Tusubiri, ami. Tukizimikiwa tunaifuata."

Mimi ningeondoka. Meli ilikuwa bado imeshikwa na tagi, omo haijanyooka, na nafasi ilikuwapo tele. Lakini sababu yake ilikuwa nzima, nikamwachia. Tukasubiri, wenye magari wakapiga honi mpaka wakachoka, na saa 8:00 nikakabidhi zamu nikaenda kutafuta wali.