Umeshanunua RAM na hedifoni, na sasa roho inasita

RAM mpya, yaani memori ya kazi ya kompyuta, imeingia na kompyuta bado inajikokota? Usiilaumu RAM kwanza. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, dirisha linaloonyesha kinachoelemea mashine, kisha tazama safu ya diski (Disk). Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku memori ina nafasi tele, mchawi ni "hard disk", diski ya zamani inayozunguka. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, ya aina ya SATA ya inchi 2.5 husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde. "Hard disk" ya laptopu mara nyingi haifiki MB 150. Pesa ya kununua SSD ndiyo isiyojutiwa.

RAM ndiyo inayowaliza wengi. DDR3 na DDR4 ni vizazi viwili vya RAM: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake limekaa mahali tofauti, na ukilazimisha unavunja soketi. Soma kibandiko cha ile ya zamani: PC3L maana yake DDR3 ya volti 1.35.

Halafu vumbi letu la Dodoma, hasa kiangazi upepo ukichachamaa. Feni ikiziba, prosesa, ubongo wa kompyuta, hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, nawe unadhani mashine imezeeka. Zima, chomoa betri, shikilia feni kwa kidole isizunguke, pitisha brashi laini. Pesti ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ikiwa imekauka, futa kwa spiriti uweke mpya, kiasi cha punje ya mchele. Jamani, fanyeni hili kabla ya kutoa hata shilingi!

Tukija kwenye hedifoni, zile za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikichomekwa kwenye simu hutoa sauti hafifu. Si mbovu, zinataka amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti. Usiziuze kwa hasara. Azima amplifaya kwanza uzisikilize.