Mizinga Niliyoonyeshwa Munster

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa mwanafunzi mjini Hamburg, mzee mwenye nyumba niliyopanga alinipeleka kwenye jumba la makumbusho ya vifaru la Munster. Kaka yake mkubwa alikuwa mpiga mzinga katika Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo alivipita vifaru akaenda kusimama mbele ya Pak 36, mzinga mfupi wa Kijerumani wa kupigia vifaru, ambao ngao yake haikunifika kifuani.

Mzinga huo wa milimita 37 haukufika nusu tani, na wapigaji wake waliweza kuusukuma kwa mikono. Hata hivyo, karibu na Arras, Mei 1940, risasi zake zilidunda kwenye deraya nene ya vifaru vya Kiingereza aina ya Matilda, hata jenerali wa Kijerumani Rommel akalazimika kuvielekezea mizinga ya milimita 88 iliyoundwa kutungulia ndege. Mwaka uliofuata, vifaru vya Warusi aina ya T-34 vilipotokea, askari waliuita mzinga wao mpiga hodi, kwani uligonga tu bila kutoboa.

Tulikaa muda mrefu zaidi penye Pak 40, wa milimita 75, ulioanza kufika vitani mwishoni mwa 1941. Niliinama nikaona kwamba ngao yake ni mabamba mawili ya chuma yaliyoachana kidogo. Huu uliweza kuitoboa T-34 kwa mbali, lakini ulikaribia tani moja na nusu, na pasipokuwa na gari la kuuvuta katika tope la Urusi, wapigaji waliuacha wakaokoa roho zao. Mzee alisema kwamba barua za kaka yake zilitaja tope kuliko zilivyomtaja adui. Ndipo nilipoelewa kwa nini mizinga ya namna hiyo ilipandishwa juu ya vifaru vya Kicheki vilivyopitwa na wakati, vikaitwa Marder.

Kilichonichoma moyo ni Panzerfaust, bomba la mtu mmoja la kurushia kombora la kupigia vifaru, lililoanza kutumika 1943, ambalo aina yake ya awali ililenga umbali wa mita 30 tu. Ilipofika 1945 lilikabidhiwa wazee na vijana wa miaka kumi na sita, na kwangu huo ulikuwa ukatili mtupu. Mzee, aliyekuwa mtoto wakati huo, alinieleza kwamba vijana wa mtaani kwao waliopewa silaha hiyo walionywa kwanza, si juu ya kifaru, bali juu ya moto unaotoka nyuma ya bomba, ambao ungemwunguza mwenzao aliyesimama hapo.