Kurasa 128: Vitabu Vidogo vya Wataalamu Wakubwa

Nikitaka kuingia katika jambo geni kwangu, iwe jiolojia au sheria za Warumi wa kale, natafuta kwanza kijitabu chembamba kilichotoka katika mfululizo: chenye namba mgongoni, jalada linalofanana na ya wenzake, na kurasa ambazo mtu anaweza kuzimaliza kwa siku mbili tatu. Mapenzi hayo yamenifanya nifuatilie historia ya mifululizo yenyewe. Kadiri ninavyoisoma, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba nguvu yake inatokana na mipaka. Bei imepangwa kabla, kurasa zimepangwa kabla, na mtaalamu hana budi kuibana elimu yake iingie humo.

Mwanzo mmoja mzuri ni Leipzig, mwaka 1867. Mwaka huo katika nchi za Kijerumani kazi za waandishi waliofariki miaka 30 au zaidi kabla ya hapo zilitoka kwenye ulinzi wa haki za mwandishi, na Goethe na Schiller walikuwa miongoni mwao. Mchapishaji Reclam alikuwa amejiandaa. Akaanzisha Universal-Bibliothek, na kitabu namba moja kikawa sehemu ya kwanza ya Faust ya Goethe, kwa bei ambayo hata mwanafunzi maskini aliimudu. Kuanzia 1912 vitabu hivyo viliuzwa pia kwa mashine: unatumbukiza sarafu, unachukua kitabu, unapanda treni. Mfululizo huo ungali unachapishwa.

Lakini Goethe hakuwepo wa kuulizwa kama anakubali kupunguza maneno. Kumwendea mtaalamu aliye hai, mwenye jina lake na shughuli zake, na kumwomba awaandikie watu wasiojua chochote juu ya fani yake, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ndiyo maana kwangu mwaka mkubwa zaidi ni 1911, pale wachapishaji Williams and Norgate wa London walipoanzisha Home University Library. Kila kitabu kilikuwa kipya, kilikuwa na kurasa 256 hivi, na kiliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza. Miongoni mwa wahariri alikuwa Gilbert Murray, bingwa wa Kigiriki cha kale.

Tazama waliokubali wito huo. Kati ya 1910 na 1913, Alfred North Whitehead na Bertrand Russell walikuwa wakitoa Principia Mathematica, majuzuu matatu mazito yaliyojaa alama, ambamo hoja inayoelekea kwenye ukweli kwamba 1 + 1 = 2 inafikiwa baada ya kurasa zaidi ya 300 za juzuu la kwanza. Ni vitabu vilivyosomwa na wachache mno. Katika miaka hiyohiyo, Whitehead aliandika utangulizi wa hisabati kwa mfululizo huu wa shilingi moja (1911), na Russell akaandika The Problems of Philosophy (1912). Watu walewale, akili zilezile, mwaka mmoja huku na mwaka mmoja kule.

Nimevisoma vyote viwili na bado vinanishangaza. Russell anaanza na meza iliyo mbele yake. Rangi yake inabadilika kufuatana na mwanga na mahali unaposimama, umbo lake linaonekana tofauti ukizunguka, na uso wake laini una mabonde ukiutazama kwa hadubini. Je, meza yenyewe hasa ikoje? Kutoka hapo anakupeleka hadi kwenye maswali mazito kabisa ya falsafa, na hakuna mahali anapokudharau. Whitehead naye anafungua kwa kukiri kwamba wengi wanaoanza hisabati huvunjika moyo, kisha anasema lengo lake ni kumwonyesha msomaji somo hili linahusu nini na kwa nini sayansi haiwezi kwenda bila hilo. Natamani kila mtoto angeambiwa hivyo kabla ya kupewa hesabu ya kwanza.

Hizo kurasa 256 hazikuokotwa tu. Matbaa huchapa karatasi kubwa ambazo hukunjwa zikawa kurasa 16 au 32, kwa hiyo idadi inayogawanyika sawasawa haiachi karatasi ya kutupwa. Na gharama ya kupanga herufi ni ileile, uchape nakala mia au elfu hamsini. Bei ndogo ilitaka wasomaji wengi, na wasomaji wengi walitaka lugha inayoeleweka. Uchumi na ufafanuzi vilivutana kwenda upande mmoja.

Marekani jambo hili lilichukua sura nyingine. Emanuel Haldeman-Julius, akiwa katika mji mdogo wa Girard, Kansas, alianza mwaka 1919 kutoa vijitabu vya kuingia mfukoni, ambavyo baadaye alivishusha hadi senti tano kimoja. Vijitabu hivyo, vilivyoitwa Little Blue Books, viliuzwa kwa mamia ya mamilioni, hasa kwa posta. Kitabu kisichouzwa alikibadilisha jina. Hadithi moja ya Théophile Gautier iliyoitwa Fleece of Gold alipoipa jina la kumtafuta kimada mwenye nywele za dhahabu, mauzo yalipanda kutoka nakala 6,000 kwa mwaka hadi 50,000. Hapo sikubaliani naye, kwa sababu msomaji anastahili kuambiwa anachonunua. Lakini mkulima aliyeishi mbali na maktaba aliweza kuagiza Plato kwa senti tano, na hilo namheshimu nalo.

Pelican, mfululizo wa vitabu vya maarifa wa mchapishaji Allen Lane, ilizaliwa Uingereza mwaka 1937, miaka miwili baada ya Penguin, vitabu vyake vya bei nafuu. Lane mwenyewe aliacha shule akiwa na miaka 16. Kitabu cha kwanza kilikuwa mwongozo wa George Bernard Shaw juu ya ujamaa na ubepari, ambao Shaw aliuongezea sura mpya kuhusu Usovieti na ufashisti. Bei ilikuwa peni sita. V. K. Krishna Menon, aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa India, alikuwa mhariri wa mwanzo. Wazo likasafiri haraka: mwaka 1938 nyumba ya uchapishaji ya Iwanami ya Tokyo ikaanzisha mfululizo wake kwa kufuata mfano wa Pelican. Mwaka huohuo zikaanza Teach Yourself za Uingereza, yaani vitabu vya kujifunza mwenyewe, zenye majalada ya manjano na buluu, ambazo mwaka 1951 ziliingiza Kiswahili kwa kitabu cha D. V. Perrott.

Mfululizo ninaoustaajabia kuliko yote ni Que sais-je?, ulioanzishwa na Paul Angoulvent mwaka 1941, Paris ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Kila mada ilipewa kurasa 128. Uwe umesoma nyota kwa miaka arubaini au umebobea katika historia ya Byzantium, zako ni 128. Tangu wakati huo vimetoka vitabu elfu kadhaa. Jina ni swali la Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, yaani “najua nini?”, na nadhani hakuna jina bora la kumpa mtu anayeanza.

Leo nafasi hiyo imeshikwa zaidi na Very Short Introductions za Oxford, zilizoanza 1995 na kitabu cha Mary Beard na John Henderson juu ya Ugiriki na Roma. Ubora wake haulingani: vingine vimeandikwa kama mwandishi anawaogopa maprofesa wenzake, na hivyo huwa naviacha njiani bila majuto.

Kwa anayetaka kuonja, kile cha Whitehead na kile cha Russell vinapatikana bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Mimi ningeanza na Russell, sura ya kwanza, ile ya meza, kisha ningeruka hadi ya 15 inayoeleza faida ya falsafa, ndipo nirudi katikati. Sura za katikati ni ngumu kidogo, na zinasomeka vizuri zaidi ukishajua anakokupeleka.