Fungueni barua za MaineCare

Ndugu zangu wa Lewiston na Portland, nanyi mlioko Auburn na Westbrook, leo naandika habari ya meno. Kazi yangu ni ukalimani wa hospitalini, Kiswahili na Kifaransa, na katika yote ninayoyasikia hakuna linaloniumiza kama mtu mzima aliyelivumilia jino miezi na miezi huku kadi ya bima imo mfukoni mwake. Anadhani kadi ile ni ya homa, presha na uzazi tu. Siyo. Tangu tarehe 1 Julai 2022, MaineCare, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo hapa jimbo la Maine, inamlipia mtu mzima matibabu ya meno: kuchunguzwa na kupigwa picha, kusafishwa, kuzibwa, kutibiwa mzizi, hata meno ya bandia.

Wenyeji wa hapa wana sababu ya kutoamini. Kabla ya tarehe hiyo, mtu mzima alilipiwa pale jino lilipokwisha kuoza na maumivu kumzidi, na tiba yenyewe mara nyingi ilikuwa kung'oa. Chanzo kiko kwenye sheria ya Medicaid, ule mpango wa nchi nzima ambao kwetu Maine unaitwa MaineCare, aliyoisaini Rais Lyndon Johnson mwaka 1965. Serikali kuu na jimbo wanachangiana gharama, lakini meno ya watu wazima yameachwa yawe hiari ya kila jimbo. Watoto ndio wenye haki hiyo nchi nzima. Kwa hiyo ndugu yako aliyehamia kwingine akikuambia kwao hakuna kitu kama hicho, huenda anasema kweli, na wewe pia unasema kweli.

Na haya hayakuja yenyewe. Novemba 2017 wananchi wa Maine walipiga kura MaineCare ipanuliwe ifikie watu wazima zaidi wenye kipato kidogo. Gavana wa wakati huo, Paul LePage, hakuutekeleza uamuzi huo. Ilibidi kungoja mpaka Janet Mills alipoingia Januari 2019 na kuweka saini siku yake ya kwanza ofisini. Nayataja kwa sababu watu wetu wengi wanaitumia kadi hii kwa aibu, wakiinamisha kichwa pale dirishani. Msiinamishe. Inalipwa kwa kodi, na ninyi mnaosafisha maofisi usiku na kufungasha samaki alfajiri mnakatwa kodi kila mshahara.

Kazini nimeapa kutunza siri, hivyo wagonjwa siwasemi. Nitamsema baba mkubwa, maana yeye mwenyewe ameniruhusu, tena akaniambia niandike vizuri.

Baba mkubwa ni mtu wa Fizi, kule Kongo, na kabla ya kufika Marekani aliishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Kwake jino linalouma lina dawa moja tu: kung'olewa. Alipopata maumivu hapa alisukutua maji ya chumvi, akawa anaweka karafuu, akaenda kazini hivyo hivyo. Siku niliyomkuta, shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka jicho limebaki kama mstari. Nikampeleka. Msaidizi hajamaliza hata kumfunga kile kitambaa cha kifuani, yeye tayari ananionyesha kwa kidole: "Mama, mwambie ang'oe tu, nirudi kazini."

Daktari hakubisha. Aligeuza skrini upande wetu. Kwenye picha, chini ya mzizi mmoja, palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mtama. Akaeleza kwamba usaha umejikusanya pale, mshipa wa ndani umekufa, lakini jino lenyewe bado ni imara: atalitoboa kwa juu, atausafisha mzizi, atauziba, na jino litabaki. Baba mkubwa akanitaka nirudie, maana alidhani nimekosea kutafsiri. Kisha akafungua mdomo, akaonyesha upande wa kulia palipo na mapengo mawili, akauliza kama na yale yangepona. Daktari akachungulia, akasema la nyuma pengine hapana, ila la mbele yake huenda lingepona.

Leo anatafuna pande zote mbili. Na bili haikuja nyumbani.

Kupata daktari ndiyo kazi. Ofisi nyingi za meno hazipokei MaineCare, au zimeshafunga kuchukua wagonjwa wapya, kwa kuwa wanasema malipo yake ni madogo. Msikate tamaa kwa simu ya kwanza. Omba uandikwe kwenye orodha ya wanaongojea, na useme kwamba mtu akiahirisha miadi wakupigie wewe. Omba mkalimani mapema. Ni haki yako na hulipi. Usimchukue mtoto wako wa darasa la sita akasimame pale kumweleza mama yake kwamba fizi zinatoa usaha. Kama huna gari, MaineCare inalipia pia usafiri wa kwenda kwa daktari na kurudi, ila lazima uuombe siku kadhaa kabla.

Sasa barua. Kila mwaka serikali ya jimbo inakagua kama bado unastahili. Wakishindwa kuyathibitisha wenyewe, wanakutumia karatasi za kujaza, pamoja na tarehe ya mwisho. Karatasi hizo zinakuja kwenye bahasha isiyo na urembo wowote, inafanana na matangazo, nami nimezikuta katika nyumba nyingi za kwetu zikiwa zimelala juu ya friji, hazijafunguliwa. Wakati wa korona ukaguzi ulisimamishwa. Uliporudi mwaka 2023, zaidi ya watu milioni 20 nchi nzima waliondolewa Medicaid, na wengi wao hawakuondolewa kwa sababu kipato kimepanda. Ni karatasi tu: haikurudi, haikujazwa sawasawa, au ilitumwa anwani ya zamani.

Mnisamehe, lakini lazima niwatajie Deamonte Driver. Alikuwa mtoto wa miaka 12 wa Maryland. Mwaka 2007 jino lake lilioza, maambukizi yakapanda mpaka kwenye ubongo, akafa. Kuling'oa kungegharimu kama dola 80. Familia yake ilikuwa na Medicaid, ikakatika. Walikuwa wamehama kutoka makazi ya wasio na nyumba, na ilidhaniwa kwamba karatasi za kuhuisha zilitumwa huko. Kila nikikuta bahasha juu ya friji namkumbuka yule mtoto. Ukihama, siku hiyo hiyo wapigie simu uwape anwani mpya.

Na kuna jipya ambalo halinipi usingizi. Sheria iliyosainiwa Washington tarehe 4 Julai 2025 inasema kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, hawatastahili tena Medicaid ya serikali kuu. Watu walioletwa na serikali yenyewe, kwa ndege, wakiwa na mifuko yao ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, mkononi! Naona ni dhuluma, na nalisema waziwazi. Kuanzia Januari 2027 watu wazima wengi waliomo kwa ule upanuzi watatakiwa pia kuthibitisha saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kila mwezi, isipokuwa wenye sababu kama ujauzito, ugonjwa mzito au mtoto wa miaka 13 kushuka chini. Na ukaguzi wao utakuwa kila miezi sita. Yaani bahasha mara mbili.

Watoto wasifichwe nyumbani kwa woga. Hapa Maine, tangu Julai 2022, walio chini ya miaka 21 na wajawazito wa kipato kidogo wanapokelewa bila kujali karatasi za uhamiaji.

Mdogo wake mama mkubwa alifika mwaka 2024 kama mkimbizi. Ameshatimiza mwaka, ameomba kadi ya kijani, anangoja. Ana meno mawili ya kuziba na moja la kutibu mzizi, na tumepanga yote yaishe kabla ya Oktoba. Nanyi mlio kama yeye fanyeni hivyo. Kadi ikikatika, viko vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, na baadhi vina madaktari wa meno; nendeni na karatasi za mshahara.

Aliye na barua asiyoielewa aje nayo Jumapili baada ya misa. Nitakuwa kwenye ukumbi wa chini, mezani karibu na jiko, hadi saa nane. Njooni na bahasha yenyewe pia, kwa sababu tarehe ya posta iko juu yake.