Mvua ya Galway na Biskuti Moja Mezani

Dublin niliimaliza kwa miguu, kwa kuwa bei za teksi zilinishinda, kisha nikapanda basi hadi Galway, magharibi mwa Ayalandi, ili niende kuona majabali ya Moher. Asubuhi ya ziara upepo na mvua viliifuta safari, na waliouza tiketi wakakataa kurudisha fedha. Kwa hasira na baridi nikaingia katika jumba la sinema, mahali pekee penye joto nilipoweza kupamudu, nikakuta inaonyeshwa An Cailín Ciúin (yaani Msichana Mkimya) ya mwongozaji Colm Bairéad, filamu ya lugha ya Kiayalandi iliyotoka mwaka huohuo wa 2022.

Kisa ni cha mwaka 1981. Cáit, mtoto wa miaka tisa, anaondolewa katika nyumba yenye watoto wengi na baba mkali anayezungumza Kiingereza tu, anapelekwa kwa jamaa wa mama yake, mkulima Seán na mkewe Eibhlín, waliofiwa na mwana wao wa pekee. Usiku wa kwanza anakojoa kitandani, na Eibhlín, badala ya kumkemea, analisingizia godoro. Baadaye Seán anamfokea mtoto kwa kupotea machoni pake shambani. Kisha, siku hiyohiyo au nyingine, anapita jikoni, anaacha biskuti moja mezani mbele yake bila kutamka neno, anakwenda zake. Hapo mzee aliyeketi kando yangu, koti lake likiwa bado linachuruzika maji, akaanza kulia mabega yakimtikisika, nami sikujua kama kwao inafaa kumpa mtu pole gizani.

Kwenye pazia hakuna aliyekuwa akilia. Katika filamu zetu nyingi mfiwa hugaragara chini na muziki hupandishwa ili tusikose kuhuzunika. Hapa kamera ilikaa karibu na mtoto, katika picha nyembamba inayokaribia mraba, ikatuachia kazi hiyo sisi.

Kwetu kumpeleka mtoto kwa shangazi au mama mkubwa ni jambo la kawaida mno, hata hakuna anayeuliza alilalaje usiku wa kwanza. Nilimkumbuka binamu yangu aliyeletwa kwetu Muheza, akachapwa kwa kosa lilelile la Cáit la kukojoa kitandani, nasi watoto wenzake tukamcheka. Nilimtumia jina la filamu kwa simu nikiwa bado Galway. Akajibu kwamba bando lake halitoshi kuangalia sinema.