Kaye yangu nayo imeshonwa

Juma iliyopita mama moja alikuya ku atelie na telefone mukononi, ananionyesha libaya aliona ku Facebook, eti dada unishonee hii hii, usibadilishe kitu. Nikamwambia mama ikala kwanza, nikafungua kaye yangu ya kuchora modele, nikamuonyesha mukono moja nilichora mu 2021, unapanuka ku bega kisha unabana ku kiwiko. Mwaka ule niliujaribu nikaharibu metre mbili ya kikwembe, nikaacha. Akaangalia weee, akarudisha telefone mu sakoshi. Njo hiyo ninashona sasa hivi.

Batu bananiuliza ju ya nini kununua kaye ya dola kumi na mbili, na kaye ya masomo iko bei ya mandazi mbili tatu. Nilianza na hizo za masomo, saba zilipita mukononi mwangu! Zinashikwa na agrafe mbili tu katikati, na mvua ya Bukavu unaijua, inaanza mwezi wa tisa inatupeleka paka mwezi wa tano, agrafe inashika kutu, karatasi ya katikati inatoka, yenye iko nyuma yake inafuata, siku moja unatafuta modele ya bibi arusi unakuta mutoto amekunjia karanga (sicheki, ilinifikia).

Ku kaye, mushonaji hadanganyike. Ifungue katikati, angalia mu mukunjo. Ukiona karatasi zimekunjwa mafungu mafungu na uzi unapita ndani ya kila fungu, lipa. Ukiona kole tu, rudisha, hiyo ni sawa robe yenye walibandika pa kushona. Ya uzi inalala wazi ku meza bila kuishikilia, na mimi mikono yote iko ku kitambaa. Kisha uliza uzito wa karatasi. Ya fotokopi kawaida ni gramu 80 kwa metre mraba, yangu ni 120, ju nabandika bipande bya bikwembe pembeni ya kila mchoro, na karatasi nyepesi ukiipaka kole inajikunja sawa jani kavu. Ubaya wake, bipande bikikuwa mingi kaye inavimba tumbo haifungike tena, yangu naifunga na elastike ya sketi.

Na usichorake na fetre. Nilishuka Kadutu na miguu, mvua ikanikuta, maji ikaingia mu sakoshi, ukurasa wa fetre ukakuwa zambarau yote, lakini vipimo niliandika na biki pembeni bilibaki, ju wino yake iko na mafuta. Crayon nayo haikutikisika.

Ile sikuwazia ni woga. Miezi tatu kaye ilikaa mu kabati ndani ya sashe, kila wazo naona halistahili karatasi ya uzuri vile. Yenye iliifungua ni deni. Mangaribi moja umeme imekatika, mama moja anabeba robe yake amelipa nusu, sioni karatasi ingine karibu, nikaandika ukurasa wa kwanza kabisa: mama wa Nguba, dola 5. Ukurasa wa pili nikachora kola mbaya, mbaya sana, wala sikusikia haya. Leo nimepita ukurasa wa 140, ganda iko na doa ya mafuta ya mashini.

Zile dola tano paka leo sijaziona.