Nilivyopata Kuelea Nairobi Bila Tangi

Wanaokwambia "utazoea" hawajawahi kutoka naiti, zamu ya usiku, wodi ya uzazi. Nilishauriwa maziwa moto, maombi, kupumua polepole. Bado nilifika nyumbani, mtaa wa Umoja, asubuhi, nikalala chali, na kengele za wodi zikaendelea kulia kichwani.

Ndipo nikasoma juu ya tiba ya kuelea, iliyotokana na tangi alilobuni daktari John C. Lilly huko Marekani mwaka 1954. Siku hizi tangi huwa na giza na kimya, maji yana joto la ngozi, nayo yamekolezwa salfeti ya magnesi hadi mwili hauzami. Salfeti ya magnesi! Dawa ile ile tunayomdunga mama mwenye kifafa cha mimba. Mwaka 2018 mtafiti Justin Feinstein na wenzake wa Tulsa, Marekani, waliripoti kwamba saa moja ya kuelea iliwapunguzia wasiwasi watu 50 wenye matatizo hayo. Ni kundi dogo, lakini nilitaka kujaribu.

Tangi moja hula mamia ya kilo za chumvi. Mshahara wa muuguzi haufiki huko.

Basi nikafikiria: kinachotakiwa ni mwili usibebe uzito na mtu asiitwe. Nikatafuta hoteli yenye bwawa la maji ya moto, kiingilio kama elfu moja hivi, nikamshawishi mwenzangu wa zamu. Boya refu la sponji chini ya shingo, jingine chini ya magoti, vizibo masikioni, kitambaa cheusi machoni. Maji haya hayana chumvi ya kukushikilia, na aliyetoka naiti husinzia upesi, kwa hiyo mmoja anaelea na mwingine anasimama majini kando yake, mkono karibu na bega, hatazami simu. Kisha, "Sista, zamu yako." Mimi ambaye usiku kucha ndiye hulinda wengine, kulindwa hivyo kulinilegeza hadi taya. Siku hiyo nililala mpaka saa kumi jioni. Sasa wodi nzima inapangiana.

Boya haliongezi wauguzi, na nitaendelea kudai waongezwe. Shirika la Afya Duniani lenyewe mwaka 2019 lilieleza kwamba uchovu wa kupindukia wa kazini (burnout) unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa.

Nendeni katikati ya wiki, asubuhi, kabla watoto hawajajaa. Mwenye kidonda au sikio linalotoa usaha asubiri apone.